Pumzi Kabla ya Pambo

Ukarabati umekwisha, kuta zinang'aa, nawe unatamani kulitundika tundu la chiriku wako sebuleni leo hii. Subiri kwanza. Mapafu ya ndege hufyonza hewa kwa wepesi kuliko yetu, hivyo mvuke wa rangi au vanishi humdhuru upesi. Ndiyo maana wachimba makaa wa Uingereza, hadi miaka ya 1980, walishuka migodini na kanari, jamaa wa chiriku, wawatahadharishe na hewa ya sumu. Fungua madirisha mpaka harufu iishe kabisa. Vilevile, tundu likae mbali na moshi wa jiko. Kiumbe asiyeweza kujifungulia mlango, usalama wake ni amana yako.