Mwanangu, Usimalizie Hela Yote Bandarini

Kaa kwanza, mwanangu. Chai ipo, maandazi yapo, na gari halikimbii. Nimeliona pale nje, jeupe, linang'aa kama sahani ya harusi, na tabasamu lako nimeliona pia. Tabasamu hilo nalijua. Nimeuza spea hapa Gerezani, Dar, zaidi ya miaka thelathini, na vijana wengi waliotoka bandarini na gari la kwanza walipita mbele ya duka langu na tabasamu hilohilo usoni. Baada ya miezi sita walirudi kwa miguu, wameshika kifaa kilichofungwa kwenye gazeti.

Sikulaumu. Mtu aliyegandamizwa kwenye daladala miaka yote hiyo ana haki ya kufurahia kiti chake mwenyewe. Nina swali moja tu: umebakiza shilingi ngapi?

Haya. Nilijua.

Mnanunua gari kama mtu aliyekwenda soko la samaki la Feri na elfu ishirini, akaona changu mnono, akatoa hela yote. Akifika nyumbani hana mkaa, hana nazi, hana hata ndimu, na samaki analala kwenye beseni mpaka nzi wapate habari. Samaki hana kosa. Mwenye milioni kumi na tano atafute gari la kumi na tatu, zile mbili azifunge kwenye kitambaa, maana gari la mtumba huanza kudai siku ileile linapovuka geti la bandari.

Angalia hizi Toyota Premio na ndugu zake Allion. Zilitoka mwishoni mwa 2001 kushika nafasi ya Corona na Carina, na kiwandani ziliacha kuundwa mwaka 2021. Hata ya mwisho kabisa imeshakula miaka. Ni magari mazuri, ndiyo maana mji umejaa, ila kila injini ina tabia yake. Ile 1ZZ ya cc 1800, hasa ya kabla ya 2005, inajulikana kwa kula oili. Ringi za pistoni hushikwa na ukoko, kama ule wa chini ya sufuria ya wali, zikakwama, na oili ikawa inaungua taratibu. Huoni tone chini, na moshi mwanzoni huuoni. Usipochomoa stiki ya oili kila Jumamosi asubuhi, utakuja kuambiwa na kelele za injini. Na ukisikia mtu anakuuzia D-4, ujue petroli yake inanyunyiziwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa pampu ya msukumo mkubwa. Pampu ile ikianza kuvuja, petroli huingia kwenye oili, na bei yake si ya kuulizia huku umesimama.

Lakini si hayo yaliyoua magari mengi niliyoyaona. Yameuliwa na maji.

Mpwa wangu alikuwa na mpira wa rejeta uliopasuka kwenye kona, ufa mwembamba kama unyuzi. Fundi alimtajia elfu thelathini na tano, mpira na kulanti. Akasema, ngoja mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi kulikuwa na ada ya shule, uliofuata kulikuwa na msiba, na ulipokuja wenye nafuu alinunua redio yenye kioo kikubwa. Namwelewa kabisa, maana mpira wa rejeta hakuna mgeni atakayeusifia. Ikawa kila asubuhi anajaza maji ya kisima. Nawe unayajua maji ya visima vya Dar. Chungulia ndani ya birika hilo, uone magamba meupe yalivyoota. Ndiyo hayohayo yaliyokuwa yakiota kwenye vijia vya rejeta yake, huku chumvi ikitafuna alumini ya hedi.

Gari lilipoanza kuchemka, fundi mwingine wa barabarani akachomoa thamostati, akamwambia ndiyo mchawi. Masikini thamostati! Ni kimlango tu: injini ikiwa baridi hujifunga ili ipate moto upesi, na maji yakifika kama nyuzi 82 hufunguka yakapoe kwenye rejeta. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, inakunywa petroli zaidi, na ugonjwa unafichwa kwa wiki kadhaa. Ulifichwa mpaka siku aliposafiri, akafika Chalinze. Mvuke ulipotoka, badala ya kusimama akasema afike tu sheli. Akatazama mshale, ukashuka, akafurahi. Kumbe kile kisoma-joto hukaa ndani ya maji, na maji yakiisha kinabaki kinapima mvuke, mshale ukashuka kana kwamba mambo ni shwari.

Alinionyesha kifuniko cha oili. Kwa ndani kilikuwa na utando wa kahawia, mzito, rangi ya chai ya maziwa. Maji na oili vimekutana. Gasketi imeungua, hedi imepinda. Kuisawazisha kwa fundi wa mashine haikusaidia, akanunua injini ya mtumba, na pamoja na gari la kuvuta na ufundi zikaenda milioni mbili na ushee, nyingine za mkopo wa kikundi ambao mama yake alikuwa mdhamini. Dada yangu alilipa marejesho manne kwa hela ya vitenge vyake.

Kwenye gia boksi usikubali mtu akumwagie haidroliki yoyote kwa sababu ni nyekundu. Si kila unga wa njano ni bizari. Premio nyingi za kuanzia 2007 zina boksi la CVT, mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na mafuta yake ni ya aina iliyoandikwa, basi. Bushi na boljoint zitagonga tu kwa barabara zetu. Zinaudhi, ila hazikufilisi. Breki usizingoje.

Kwa hiyo rimu ulizoagiza, kama hujatoa hela, mwambie yule kijana angoje. Muziki sikukatazi, safari ni ndefu na mtu anahitaji kuimba. Ila wiki hii tubadilishe oili na filta, kulanti, mafuta ya gia boksi, na tupapase mipira yote mmoja mmoja. Nitakukopesha ya kulanti. Utanirudishia ukipata.

Maliza chai. Gari ulilizima muda mrefu, litakuwa limepoa, maana kofia ya rejeta haifunguliwi injini ikiwa ya moto. Chukua kile kitambaa mlangoni, ufungue boneti, tutazame maji yake yana rangi gani.