Kuanzia Chini Ugenini: Nasaha kwa Wanaosafiri

Wanangu, na ninyi wajukuu zangu mnaojiandaa kuondoka, nimewasikia mkisema hamkusoma miaka yote ile ili mkaoshe vyombo vya watu Dubai au mkawabadilishe wazee mashuka huko Manchester. Nawaelewa. Kuacha mahali ambapo kila mtu anajua jina lako na la baba yako, ukaenda kuwa mtu wa kibali na namba, ni jambo zito. Ndiyo maana nataka kuwapa habari za vijana waliotangulia njia hiyo katika hali ngumu kuliko yenu. Nimezisoma kwa miaka na bado hazijanichosha. Ni habari za marubani wa Chekoslovakia katika Vita Kuu ya Pili.

Tarehe 15 Machi 1939 majeshi ya Hitler yaliingia Prague karibu bila kupingwa. Nchi ile ilikuwa na jeshi la anga lenye marubani waliofundishwa vizuri, na viwanda vyake yenyewe vya ndege. Vyote vikaangukia mikononi mwa Wajerumani. Marubani waliambiwa waende nyumbani, na wengi hawakukubali. Walivuka mpaka kwa siri wakaingia Poland, na Poland ilipovamiwa, waliofuata walizunguka kupitia Hungaria na Yugoslavia, wengine hadi Beirut, ili tu wapate meli ya kwenda Ufaransa.

Tazameni walivyopokelewa huko. Ufaransa ilikuwa bado haijaingia vitani, kwa hiyo wale waliotangulia walielezwa kwamba mlango uliopo ni mmoja: Jeshi la Wageni, mkataba wa miaka mitano. Mtu aliyekuwa ofisa kwao, aliyeamuru wengine na kupigiwa saluti, alijikuta kwenye kambi ya jeshi hilo, Sidi bel Abbès nchini Algeria, akifundishwa kutembea kijeshi kama kuruta. Walikubali kwa sharti moja, kwamba vita vikianza watatolewa humo wakapigane na Ujerumani. Walijua wanachotia saini na kwa nini wanakitia. Hapo nawaomba msimame kidogo, maana nimeona vijana wetu wakisaini karatasi za wakala hata hawajazisoma, kisha wanalia wakiwa tayari wameshafika.

Vita vilipoanza Septemba 1939 ahadi ikatimizwa, na wengi wakapewa ndege. Kufikia Juni 1940 Ufaransa nayo ikaanguka. Safari ikaanza upya, wakipanda meli zozote zilizopatikana hadi Uingereza. Huko wakaandikishwa kwa vyeo vya chini kuliko walivyokuwa navyo kwao, na wakaanza kujifunza lugha ambayo wengi wao hawakuwa na hata neno lake moja.

Kuna jambo moja dogo linaloonyesha ugumu wao kuliko maelezo marefu. Katika ndege nyingi za Kifaransa za wakati ule, rubani akitaka nguvu ya injini alivuta kishikio nyuma. Katika ndege za Kiingereza alikisukuma mbele. Fikiria mkono uliozoea kuvuta, na sasa uko hewani, adui yuko nyuma yako, na mkono huo unatakiwa ufanye kinyume cha ulichozoea bila kusubiri kufikiri. Tena vipimo vya mwinuko vimehama kutoka mita kwenda futi, na sauti inayokuelekeza kwenye redio inasema Kiingereza cha haraka. Watu hawa walikuwa mabingwa, na bado walikaa darasani kama watoto. Zaidi ya 80 kati yao walipigana katika anga ya Uingereza kiangazi na vuli ile ya 1940, jambo ambalo lisingewezekana kama wangeng'ang'ania kwamba wao wameshasoma.

Ila anayenigusa zaidi hakuwa rubani alipofika. Emil Boček alizaliwa Brno tarehe 25 Februari 1923, akatoroka nchi yake akiwa na miaka 16. Kijana wa umri huo, bila mzazi, alipita njia ile ndefu ya Balkani na Beirut, akafika Ufaransa na kuwa askari wa miguu. Alipofika Uingereza alipewa kazi ya ufundi wa ndege katika kikosi cha 312, mojawapo ya vikosi vinne vya Wachekoslovakia katika Jeshi la Anga la Uingereza. Hamu yake ilikuwa kuruka. Alichopewa ni spana na ovaroli lenye mafuta.

Sasa mjue kazi ya fundi ilikuwa nini. Alfajiri, baridi ikiwa kali, injini inawashwa mapema ipate joto, ili kengele ya hatari ikilia ndege iondoke mara moja. Ndege ikitua, mafuta yanajazwa upesi, chupa ya hewa ya rubani inabadilishwa, mikanda ya risasi inarudishwa kwenye mabawa. Kioo cha mbele kinafutwa mpaka king'ae, kwa sababu doa la uchafu, rubani akitazama mbali angani, linaweza kudhaniwa kuwa ndege ya adui, na ndege ya adui ikadhaniwa kuwa doa. Kisha kuna daftari. Fundi anatia saini kwamba ameikagua, na rubani naye anatia saini kabla ya kupanda. Jina la fundi linabaki chini, kwenye karatasi, na roho ya mwenzake inakwenda juu. Hakuna anayempigia makofi fundi aliyefuta kioo vizuri.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Boček aliinama kweli. Aliomba mafunzo ya urubani, akapelekwa hadi Kanada kujifunza, na Oktoba 1944 akaingia kikosi cha 310 akirusha Spitfire. Tangu alipofika Uingereza ilikuwa imepita miaka minne. Hadi vita vinaisha alikuwa amekwenda vitani mara 26. Wako waliokwenda mara nyingi zaidi, lakini mimi nikitaka kijana wa kumwonyesha mjukuu wangu, humwonyesha huyu, kwa ile miaka ya spana.

Mtaniuliza kuhusu Josef František, maana kati ya marubani hao ndiye anayetajwa zaidi. Ni kweli, alikuwa na kipaji cha ajabu. Akiwa na kikosi cha Wapoland huko Northolt, Uingereza, aliangusha ndege 17 ndani ya mwezi mmoja, Septemba 1940. Lakini alikuwa na tabia ya kujitenga na wenzake angani akawinde peke yake, na wakuu wake, waliposhindwa kumzuia, wakamwacha aruke kama mgeni wa kikosi. Tarehe 8 Oktoba, siku moja baada ya kutimiza miaka 26, alianguka Ewell akiwa peke yake. Namheshimu. Hata hivyo sitaki mtoto wangu yeyote aishi ugenini hivyo, hodari kuliko wote na bila mtu pembeni yake.

Katika Wachekoslovakia wapatao 2,500 waliotumikia Jeshi la Anga la Uingereza, karibu 500 hawakurudi. Waliosalia walipokewa Prague Agosti 1945 kama mashujaa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na kwa muda mfupi walitunzwa. Februari 1948 chama cha kikomunisti kikashika dola, na kuwa umepigana upande wa Waingereza kukawa ni kosa. Walifukuzwa jeshini, wengine wakafungwa, wengine wakakimbia nchi mara ya pili. František Fajtl, ambaye mwaka 1942 alikuwa kamanda wa kikosi cha Waingereza, akaangushwa Ufaransa na kurudi kwa kuvuka milima ya Pyrenees na kupitia gereza la Hispania, alikamatwa mwaka 1950 akawekwa gereza la Mírov miezi 17 bila kesi. Karel Janoušek, jenerali aliyewaongoza wote, alikaa gerezani hadi 1960, na alipotoka akapewa kazi ya stoo. Boček aliishi kwa ufundi wa mashine ya kukereza vyuma.

Hapa ndipo penye uzito wa ninayotaka kuwaambia. Kushushwa kunaweza kukukuta ugenini, na kunaweza kukukuta kwenu, kwa mikono ya ndugu zako. Kama thamani yako umeiweka kwenye cheo, siku hiyo utabaki mtupu. Fajtl alikuwa nayo mahali pengine: alikaa akaandika vitabu, akasimulia aliyoyaona na wenzake waliokufa. Boček alishika kazi yake. Heshima ilikuja wakiwa wazee. Nishani ya juu ya nchi Fajtl aliipata mwaka 2004, miaka miwili kabla ya kufa, na Boček mwaka 2010. Janoušek alifariki 1971, hakuiona siku hiyo.

Jambo jingine ni la waliobaki nyumbani. Marubani wengine walitumia majina ya bandia ili jamaa zao wasiadhibiwe, lakini Wajerumani waligundua mengi. Mwaka 1942 wazazi, wake na ndugu wa waliotoroka walikusanywa kambini Svatobořice, kule Moravia. Mke wa Janoušek alifia Auschwitz. Kijana anapoondoka, gharama hailipi yeye peke yake, hata katika nyakati za amani kama zenu, maana yuko mama anayebaki na deni la nauli na mdogo anayeacha shule. Kabla ya kupanda ndege, kaa nao usiku mmoja mhesabu pamoja ni nani atabeba nini. Acha nakala ya mkataba na ya pasipoti kwa mtu mnayeaminiana. Ukifika, wiki ya kwanza piga simu useme ukweli wa kazi uliyopewa, hata kama ni ya kufuta vioo.