Mashahidi Waliolala Usingizi

Mtakatifu Mathayo atusimulia, katika sura ya 28 ya Injili yake, jinsi askari waliolinda kaburi la Bwana wetu walivyopewa fedha nyingi ili waseme kwamba wanafunzi walikuja usiku wakamwiba, wao wakiwa wamelala. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo, alistaajabu kuona watu wakileta mashahidi waliolala usingizi. Maana kama walikuwa macho, mbona hawakuwazuia wezi? Na kama walikuwa wamelala, walijuaje ni nani aliyekuja? Hata hivyo Mwinjili asema kwamba neno lile lilienea. Ndivyo ulivyo uvumi: hauhitaji akili, wahitaji masikio tu.

Twayakumbuka hayo kwa sababu ya maneno ambayo bado yazungumzwa katika nyumba zetu juu ya msiba wa tarehe 11 Septemba 2001. Siku ile watu 19 wa kundi la al-Qaeda waliteka ndege 4 nchini Marekani. Mbili walizigongesha katika minara pacha ya New York, moja katika jengo la Pentagon, na ya nne ikaanguka katika shamba huko Pennsylvania. Walikufa watu 2,977, bila kuwahesabu watekaji. Lakini wako wasemao, na wengine ni Wakristo wema, kwamba serikali ya Marekani yenyewe ndiyo iliyoiangusha minara ile kwa baruti. Hebu tuzipime hoja zao kwa utulivu.

Hoja ya kwanza ni hii: chuma cha pua hakiyeyuki mpaka kifikie nyuzi za Sentigredi zipatazo 1,500, na moto wa mafuta ya ndege haufiki hapo, basi lazima palikuwa na baruti. Wasemao hivyo wangemwendea mhunzi wa kijijini angewafundisha. Mhunzi hakiyeyushi chuma apate kukipinda. Hukitia motoni mpaka kiwe chekundu, nacho hutii nyundo. Chuma cha pua kikifika nyuzi 600 tu, hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Nguzo nyingi zilikuwa zimekatwa na ndege, na zilizosalia zililemewa na uzito wa ghorofa zilizokuwa juu huku zikiungua. Mnara mmoja ulianguka kabla ya saa 1 kutimia tangu kupigwa. Wa pili baada ya saa 1 na dakika 42. Tena tuangalie kosa lililojificha ndani ya hoja hiyo: hata kama swali moja lingekosa jibu, kukosa jibu si ushahidi wa jibu jingine. Mtu akikuta mlango wazi asubuhi asijue aliyeufungua, hana ruhusa ya kumtaja jirani yake kuwa mwizi.

Hoja ya pili: tazameni nani alifaidika. Wasema kwamba wakubwa wa Marekani walitaka vita, na vita wakavipata. Lakini kufaidika si kutenda. Fundi wa majeneza hupata riziki kila afapo mtu. Je, tumshtaki kwa kila kifo cha mtaa? Faida yaweza kutuonyesha pa kuanzia kuuliza, haiwezi kutoa hukumu.

Hoja ya tatu ndiyo yenye hatari kuliko zote. Ukiwauliza uko wapi ushahidi, hujibu kwamba umefichwa, na kule kufichwa ndiko kunakothibitisha njama. Hapo mtu amejifungia chumbani na kuutupa ufunguo nje. Ushahidi ukipatikana, ni ushahidi. Usipopatikana, ni ushahidi zaidi. Fikra isiyoweza kuonyeshwa kosa lake kwa njia yoyote si ujuzi tena, bali ni ushirikina uliovaa miwani.

Hatusemi kwamba serikali hazisemi uongo. Husema. Katika kashfa ya Watergate, iliyoanza mwaka 1972, Rais Nixon alificha maovu ya watu wake, naye akalazimika kujiuzulu mwaka 1974. Mwaka 2003 Marekani iliingia Iraki ikidai kwamba kuna silaha za maangamizi. Silaha hizo hazikuonekana, na dunia nzima ikajua. Lakini mambo hayo yalijulikanaje? Kwa hati, kwa kanda za sauti, kwa watu waliotoa ushahidi chini ya kiapo, na kwa wakaguzi waliokwenda kutazama. Basi twauliza: serikali iliyoshindwa kuficha siri ya watu wachache, tena ikashindwa kupata silaha hata moja ya kuiokoa na aibu mbele ya mataifa, iliwezaje kutega baruti katika minara miwili mirefu, na kuwafumba vinywa maelfu ya watu kwa miaka zaidi ya 20? Haiwezi kuwa na ujuzi wa malaika siku ya Jumatatu na upumbavu wa mtoto siku ya Jumanne.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tunayo sababu yetu ya kuyakataa maneno hayo. Wako wasemao kwamba al-Qaeda ni jina lililobuniwa baada ya minara kuanguka, ili vita vipate kisingizio. Je, tumesahau tarehe 7 Agosti 1998? Siku ile kundi hilo hilo lililipua balozi za Marekani mijini Nairobi na Dar es Salaam. Walikufa watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, na walio wengi sana walikuwa Waafrika. Mwezi wa Mei 2001 mahakama ya New York iliwatia hatiani watu 4 kwa sababu ya njama ile, miezi 3 na zaidi kabla ya minara kuguswa. Makaburi yetu ni ya zamani kuliko uvumi wao.

Pengine msomaji atasema: haya ni mazungumzo ya barazani tu, yana dhara gani? Dhara lipo. Siku chache baada ya msiba ule ulienezwa uvumi kwamba Wayahudi 4,000 hawakwenda kazini minarani kwa kuwa walionywa. Hesabu ile ilitoka wapi? Gazeti moja la Israeli liliandika kwamba wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyo imepokea majina ya Waisraeli wapatao 4,000 waliodhaniwa kuwa mahali palipopigwa. Orodha ya watu waliohofiwa kuwa wamekufa ikageuzwa kuwa hati ya mashtaka! Na kweli ni kwamba Wayahudi wengi walikufa siku ile pamoja na wenzao.

Hapo ndipo Amri ya Nane ya Mungu inapovunjwa. Kanisa latufundisha kwamba hukosa mtu anayemdhania mwenzake uovu bila sababu ya kutosha, na hukosa zaidi anayemzulia. Dhambi haiwi ndogo kwa kuwa tunaowazulia wako mbali nasi. Wazima moto 343 walikufa New York siku ile. Pamoja nao alikufa padre wao, Mychal Judge, Mfransisko, aliyebaki kuwaombea ndani ya mnara. Mwili wake ndio uliohesabiwa wa kwanza. Wenzao walikaa miezi wakichambua kifusi kwa mikono kuwatafuta. Uvumi huu ukisimama, hata hao waliolia wahesabiwe ama wajinga ama washiriki wa wauaji.

Basi, wazazi wapenzi, mtoto aletapo habari ya namna hiyo, iwe ameisikia njiani au ameipata katika simu, msimkaripie. Mwulizeni maswali matatu: nani aliona? Alijuaje? Ni jambo gani likionekana ungekubali kwamba si kweli? Asipokuwa na jibu, aliache neno hilo lifie hapo nyumbani. Wazee walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini kwa Mkristo lisemwalo halitoshi: sharti apatikane shahidi, naye awe alikuwa macho.