Pesa ya Karata na Bahasha ya Fungu la Kumi

Somo: Kutoka 20:17, Mathayo 27:3–10, Luka 19:1–10



Kwenye mkutano wa vijana mwezi uliopita niliulizwa swali ambalo sikutaka kulijibu kwa dakika mbili. Liliulizwa hivi: "Pasta, mnatukataza kubeti, lakini biashara nayo si kamari? Mvuvi wa Mbita anaingia ziwani na mafuta ya elfu tatu, anarudi na mashua tupu. Yule wa Macalder anachimba shimo miezi miwili na hapati hata punje ya dhahabu. Mkulima wa Ndhiwa anapanda, mvua inakataa. Wote wameweka pesa mahali wasipojua kama itarudi. Sasa mwenye mkeka amekosa nini?"

Nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, na nawaambia wazi hilo si swali la kijinga. Majibu mawili tunayoyatoa kila siku madhabahuni hayalitoshi.

La kwanza ni kwamba kamari ni dhambi kwa sababu ni mambo ya bahati. Lakini soma Biblia yako. Yoshua aligawa nchi kwa kura. Mathiya alipata nafasi ya Yuda kwa kura, Matendo 1:26. Mithali 16:33 inatuambia kura hutupwa, lakini uamuzi wake unatoka kwa Bwana. Kutojua kesho itakuwaje si dhambi, hayo ndiyo maisha ya kila mkulima tangu Adamu.

La pili ni kwamba kamari ni mbaya kwa sababu utapoteza. Ni kweli, wengi wanapoteza. Ila kama kosa ni kupoteza tu, basi anayeshinda ni mtakatifu? Na washindi wapo. Mwaka 2017 Samuel Abisai alipata zaidi ya shilingi milioni 221 kwenye jackpot ya SportPesa kwa kubashiri mechi 17 sawasawa, na nchi nzima ikaona picha yake. Kila mechi ina matokeo matatu. Ukizidisha tatu kwa tatu mara 17 unapata njia 129,140,163 za kujaza ile karatasi. Tulimwona mmoja aliyepata. Milioni 221 ukizigawa kwa shilingi mia mia ni zaidi ya tiketi milioni mbili na laki mbili, na wenye tiketi hizo hakuna aliyewapiga picha. Hata hivyo, ukimwambia kijana "utapoteza", umemfundisha tu kutafuta njia ya kutopoteza. Hujamfundisha habari ya mema na mabaya.

Wacha niwaeleze habari ya kijana mmoja. Amenikubalia niandike mradi nisimtaje jina wala steji yake. Anaendesha bodaboda hapa Migori na ana jamaa upande wa Homa Bay, kando ya ziwa. Kwa miezi mitatu amekuwa akicheza sehemu mbili. Kwa simu anacheza ile ndege, Aviator. Na kule bichi anacheza poka ya pesa. Si ile poka yetu ya shule, ya "niko kadi". Ni ile ya karata mbili mkononi na tano mezani, aliyojifunza kwa programu ya simu yenye pesa za bandia. Wanaoishi ziwani mnajua kwamba mwezi ukiwa mkubwa omena haivuliwi vizuri, kwa sababu wavuvi wanahitaji giza ili taa zao zivute samaki. Siku hizo wanaume wanakaa nchi kavu na pesa ya juzi ingali mfukoni. Ndizo siku alizokuwa akienda.

Aliponijia alikuwa na uhakika yuko juu. Nikamwambia tukae na hesabu. Tukaitisha stetimenti yake ya M-Pesa na kuisoma mstari kwa mstari. Kwa miezi mitatu alikuwa ametuma 71,450 kwenye kubeti na kupokea 36,200. Pengo la 35,250. Mara kadhaa alikuwa amefuliza ili aingie mchezoni. Alinyamaza muda mrefu. Kichwani mwake kulikuwa na jioni moja tu, ile ndege ilipopaa akatoa 18,500, na hiyo aliikumbuka hadi saa na dakika. Zile nyingine zilikuwa za mia, za hamsini, za mia mbili, na hakuna anayekumbuka mia.

Wapendwa, hapo hapakuwa na pepo wa ajabu. Ni hesabu. Waliotengeneza Aviator, kampuni ya Spribe ya Georgia, wanasema wenyewe kwamba kwa wastani mchezo unarudisha 97 kwa kila mia inayochezwa. Unaposikia 97 unaona ni kidogo tu wanachukua. Lakini mzunguko mmoja hauchukui hata dakika moja mara nyingi. Ukicheza hamsini hamsini mara mia mbili kwa jioni moja, umezungusha elfu kumi, na sehemu yao kwa wastani ni mia tatu. Kesho tena. Serikali nayo, tangu sheria ya fedha ya 2025, inachukua asilimia 5 unapoweka pesa na asilimia 5 unapoitoa. Na hakuna akili itakayokusaidia. Ndege haikujui.

Sasa upande wa pili, huko bichi. Huko alikuwa juu kweli. Anakadiria amebeba kama 27,000. Aliniambia, "Pasta, kwa simu nakubali nilikuwa mjinga. Lakini mezani sichezi bahati, nacheza akili." Na mimi namwamini. Poka ina ujuzi: kujua wakati wa kutupa karata, kukaa na uso mkavu, kukumbuka fulani anafanya nini mkono wake ukiwa mbaya. Kwa hiyo mkijumlisha, alichokitoa kwa wavuvi ndege ilikibeba chote, na 8,250 zake juu.

Kila niliyemsimulia anasikitikia zile za simu. Mimi zinazonisumbua zaidi ni zile alizoshinda.

Fikirini ujuzi wa mezani unafanya kazi gani. Wakikaa watano walio sawa kwa akili, mwaka ukiisha hakuna aliyetajirika, labda muuza sigara. Ili ujuzi ulipe, lazima umpate asiyekuwa nao. Lazima uwe na macho ya kumtambua aliyechoka, aliyekunywa kidogo, mwenye hasira kwa sababu jana alipoteza na leo anataka kurudisha. Huyu kijana hakwenda kucheza na mabingwa wa Nairobi. Alipanda gari mpaka bichi, siku ya mwezi mkubwa, kwa sababu huko ndiko walikokuwa watu wa kumlipa. Kadiri alivyokuwa mjuzi ndivyo alivyohitaji wanyonge.

Mlinganishe na mama wa omena, maana hapo ndipo jibu la swali la vijana lilipo. Mama ananunua debe bichi, anaanika, anapeleka Rongo. Mvua ikinyesha siku tatu omena inaharibika na mtaji umekwisha. Hiyo ni hatari kweli, pengine kubwa kuliko ya mkeka. Lakini tazama ikifaulu. Mvuvi amelipwa, mwenye gari amelipwa, na nyumba fulani Rongo imekula. Faida yake haikuhitaji mtu alie. Hata akipata hasara, hakuna aliyekuwa ameketi upande wa pili akiiombea hiyo mvua. Na mezani? Watano wameingia na elfu moja kila mmoja. Alfajiri wanaamka na elfu tano ile ile, imehama mifuko tu. Hakuna samaki aliyeanikwa. Kila shilingi aliyorudi nayo Migori ni shilingi inayokosekana kwenye nyumba nyingine, nyumba yenye anwani.

Amri ya kumi inatukataza kutamani cha jirani. Mahali pengi kutamani ni jaribu linalokujia ukiwa kwenye shughuli nyingine. Kwenye meza ya karata, kutamani ndiyo shughuli. Ukiondoa kutamani hakuna mchezo.

Najua mtu wa biashara ataniuliza, na ana haki: je, biashara zote ziko safi? La. Kuna anayenunua mahindi ya mjane mwezi wa njaa ya ada za shule kwa nusu bei, akijua hana pa kwenda. Huyo ana leseni ya kaunti na risiti, lakini anacheza karata. Namweka upande ule ule wa meza. Habari ya forex mliyoniuliza tutaichukua wiki nyingine, maana inataka nafasi yake.

Turudi kwa ile 18,500. Huyu ndugu alikuwa ameitolea fungu la kumi. Aliniletea bahasha yenye 1,850, imeandikwa jina vizuri kabisa. Moyo wake ulikuwa safi na nilimwambia hivyo. Ila nilimrudishia bahasha.

Baadhi ya wazee waliniuliza kwa nini, na mmoja alisema pesa haina harufu, jengo letu halijaezekwa upande mmoja. Ni kweli hatuwezi kufuatilia kila noti ilikotoka. Lakini hii tuliijua, na kuipokea mbele ya vijana wengine ni kuiita ushuhuda. Halafu anayepoteza naye atatuletea nini? Kama kanisa linachukua moja ya kumi ya ushindi, basi linangoja ushindi pamoja na mchezaji.

Na hapa nataka tuwe wakweli sisi wenyewe wahubiri. Katika Mathayo 27 makuhani wakuu walikataa kutia zile fedha thelathini katika hazina ya hekalu kwa kuwa ni thamani ya damu. Dhamiri nzuri. Lakini nani alimhesabia Yuda zile fedha? Wao. Leo fungua redio asubuhi usikie mtumishi akisema tuma 1,000 kwa namba hii, Mungu ataizidisha mara mia kabla ya Ijumaa. Kijana wa bodaboda anayesikia hayo steji akiwa na simu mkononi, atofautishe vipi hiyo mbegu na mkeka? Zote ni kidogo kinachowekwa, kikubwa kinachongojwa, na ushuhuda wa mmoja aliyepata. Tukifundisha sadaka namna hiyo halafu tukatae bahasha ya mchezaji, tumekuwa wale makuhani. Sadaka ni shukrani kwa kilichokwisha kupokelewa. Haina odi.

Kijana akaniuliza basi afanye nini na hiyo 1,850. Tukafungua Luka 19. Wengi tunamkumbuka Zakayo kwa ule mti. Mimi humkumbuka kwa mpangilio wa malipo yake. Nusu ya mali kwa maskini, na aliyemnyang'anya anarudishiwa mara nne. Hakuna mahali anapoahidi sehemu ya ushuru kwa hekalu, wala Yesu hakumwomba. Wokovu ulifika kwenye ile nyumba pesa ikielekea nje, kwa watu zilikotoka.

Basi akaenda Homa Bay Jumamosi na ile bahasha, kwa mvuvi aliyemshinda mara nyingi zaidi. Yule mvuvi akacheka. Akamwambia, "Omera, ulinishinda kwa haki. Nilikubali mwenyewe." Akakataa katakata kupokea. Mke wake, aliyekuwa akigeuza omena kwenye neti, ndiye aliyekuja akaichukua.

Hilo neno la mvuvi, "nilikubali mwenyewe", ndilo gumu kuliko yote, na sitalipita. Ni kweli hakuibiwa. Hakuna aliyemshika mkono. Lakini alikubali kwa niaba ya nani? Pesa iliyokuwa mezani ilikuwa na unga ndani yake, na daftari za shule, na yule mama hakuwahi kuketi mezani wala kuulizwa. Na hata kwa sehemu iliyo yake mwenyewe, alikubali nichukue yako kwa sababu alitumaini kuchukua yangu. Watu wawili wakitamaniana mali kwa makubaliano, bado wanatamaniana. Makubaliano yanaondoa wizi. Hayaleti upendo wa jirani.

Kiasi gani cha kurudisha, bado tunabishana, mimi naye. Mara nne ya 27,000 hana, na ana deni la Fuliza. Mimi nimempendekezea aanze na wale watatu anaowajua kwa nyumba, kidogo kidogo kutoka kwa pikipiki, na apeleke mchana, wake zao wakiwepo. Programu ya ndege ameifuta kwenye simu. Karata, anasema, bado mikono inamuwasha kila anapouona mwezi mkubwa.

Kikao cha wazee wa Migori na wa tawi la Homa Bay kitakaa Jumamosi ijayo saa nne kuamua bahasha kama hizi zipokelewe au la. Maoni yangu mmeyasoma. Mwenye maoni tofauti aje, au amwandikie katibu kabla ya Ijumaa. Na vijana wanaotaka tusome stetimenti zao pamoja, nipo ofisini Jumatano baada ya maombi ya mchana. Mlango unafungwa, na hakuna jina litakaloandikwa.