Suluhu ya Mke Aliyepigwa



Mke akipigwa na mumewe akakimbilia kwao, ada yetu katika miji ya pwani ni kukusanya wazee. Huletwa kahawa, husomwa Fatiha, mume huombwa asamehe (asamehe nini, Subhanallah?), na mke huambiwa avumilie kwa ajili ya watoto wala asitoe siri ya nyumba. Usiku huo huo hurudishwa. Haya twayaita suluhu, tukadhani tumeifuata aya ya 35 ya Suratin Nisaa.

Hatukuifuata. Aya ile yaamrisha, unapokhofiwa mfarakano, apelekwe hakam mmoja katika jamaa za mume na mmoja katika jamaa za mke. Maana yake mke ana mtu wake katika kikao, mwenye kumsikiza na kumsemea. Barazani petu mke hata haingii. Husemewa na ami yake, naye ami haya ya watu na khofu ya kurejesha mahari vimemfunga ulimi.

Tena mahakam si mlango wa kwanza. Wanafunzi wa Minhaji ya Imamu Nawawi waijua tartibu yake, ila wengi waisoma kana kwamba iliandikiwa watu wengine. Mume akimuudhi mkewe kwa kumpiga pasina sababu, kadhi humkataza. Akirejea, humtia adabu. Wakishitakiana, kadhi hutafuta habari kwa mtu mwaminifu awajuaye, kisha humzuia aliye dhalimu. Mfarakano ukizidi ndipo hutumwa mahakam. Kwanza huzuiwa mkono, kisha ndipo husemwa suluhu. Sisi tumegeuza.

Atatokea mtu na aya ya 34. Na tumwulize: nani aliyeijua aya hiyo kuliko yule aliyeteremshiwa? Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake. Na Habiba binti Sahl, mke wa Thabit bin Qays, katika mapokezi ya Abu Daud, alipigwa na mumewe hata akavunjwa kiungo. Alfajiri akamwendea Mtume. Hakuambiwa avumilie. Thabit aliitwa, akaamrishwa apokee bustani mbili alizompa mahari, na amwache.

Nayaandika haya nami nina deni. Miaka iliyopita nalikaa katika kikao kimoja, nikamnasihi binti wa watu arejee, naye akanitii kwa kuwa nalikuwa mwalimu wa nduguze. Hazikupita siku arubaini akaletwa kwao mkono umevunjika. Usiku ule wa kikao sikumwuliza hata neno moja. Nalizungumza na mumewe tu.

Basi wazee wakiitwa, mke na akae kwao kwanza, asikizwe peke yake, na mwanamke mwaminifu awepo. Mume na akiri alilolitenda mbele ya mahakam wote wawili. Na kwa kuwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafii ni kuwa mahakam ni mawakili, mume atakiwe tangu mwanzo awape idhini ya kuunganisha na ya kutenganisha pia. Sayyidna Ali (R.A.) alipoletewa mume aliyekubali la kwanza akakataa la pili, alimwapia kuwa haondoki mpaka akiri kama alivyokiri mkewe.

Kadhi wa Kenya, kwa Katiba ya 2010, huhukumu mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Jinai si yake. Aliyejeruhi ana polisi na mahakama ya hakimu, na Sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na jeuri za nyumbani yamwezesha mke kuomba amri ya kumzuia mume. Kwenda huko si kutoa siri ya nyumba. Wako wazee wanaomtaka mke aondoe mashitaka kwanza ndipo wakae. Kikao cha namna hiyo mimi sikihudhurii tena.