Noeli ya Mtu Asiye na Kitu

Ndugu wakatekumeni, mtu aweza kuuliza: "Sina nguo mpya, wala samaki, wala mafuta. Je, Noeli yangu ni Noeli kweli?" Tulipime vema swali hilo.

Huku Kisangani wengi huiadhimisha siku hiyo tarehe 25 Desemba, kwa lituma na samaki wa mtoni. Wakristu wa Kanisa la Kiothodoksi la Ethiopia huiadhimisha tarehe 7 Januari, baada ya kufunga siku nyingi. Vyakula ni vya namna mbali mbali, tarehe nazo hazilingani; sikukuu ni ile ile. Basi chakula si sikukuu yenyewe, bali ni alama ya furaha yake.

Lakini hapa pana hatari. Mwenye chungu kilichojaa asije akasema, "Maskini na afurahi moyoni," kisha akafunga mlango. La! Mtoto Yezu alilazwa horini, kwa sababu wazazi wake walikosa nafasi katika nyumba ya wageni. Anayemnyima jirani nafasi siku ya Noeli, anamwadhimisha nani?

Kwa hiyo asiye na kitu asikope kwa kuona haya. Naye mwenye kitu asile peke yake.