Sitara na Ini

Waswahili tulikwisha kulikabidhi ini uchungu wetu kabla ya tabibu yeyote kutueleza kazi yake. Aliyetendwa vibaya na ampendaye husema amekatwa maini. Ajabu ni kwamba ini lenyewe halina kilio. Huweza kuumia kwa miezi, na mwenye nalo akawa bado anapanda na kushuka Mtaa wa Kongo na bidhaa begani, mpaka siku macho yageuke manjano na mkojo uwe kama chai ya rangi.

Nimelileta hili kwa sababu ya dawa za kushusha kinga ya mwili. Kinga ni mlinzi, lakini yapo maradhi ambamo mlinzi humgeukia mwenye nyumba, kama baridi yabisi ikunjayo vidole. Na ipo hali ambamo humfukuza mgeni tuliyemwalika wenyewe, nayo ni figo ya kupandikizwa. Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo Novemba 2017, na aliyepandikizwa humeza dawa hizo umri wake wote. Baadhi yake, mathalani azathioprini, huweza kulijeruhi ini. Kadhalika methotreksati wanayopewa wenye baridi yabisi, ambayo humezwa mara moja tu kwa juma, na kuimeza kila siku ni hatari ya kufa. Tena kinga ikishuka, virusi vya homa ya ini B vilivyolala huweza kuamka. Ndiyo maana damu hupimwa kabla ya dawa kuanza, na baadaye tena na tena. Damu hulisemea ini.

Lakini damu haisemi nani amelijeruhi. Hapo ndipo sitara, fadhila kubwa ya pwani yetu, inapotukwaza. Tabibu humsitiri mgonjwa habari ya madhara, akichelea ataikimbia dawa. Mgonjwa naye humsitiri tabibu habari ya chupa ya mitishamba aliyoinunua Kariakoo, akichelea kukaripiwa kama mtoto. Wote wawili wana nia njema. Na mitishamba mingine huumiza ini pia, au huvuruga kiwango cha dawa katika damu. Vipimo vikirudi vibaya, tabibu ataacha ipi? Akiiondoa isiyo na hatia, huenda figo ikapotea bure.

Simlaumu muuza mitishamba. Sheria ya mwaka 2002 inaitambua tiba ya asili, na yeye aghalabu ana kitu ambacho zahanati imekikosa, nacho ni wasaa wa kusikiliza. Nadhani mwenye elimu zaidi ndiye apasaye kuanza kufunua. Itasemwa kwamba mgonjwa akiogopa ataacha dawa na maradhi yatamwua. Hutokea, sikatai. Ila aliyeelezwa ana sababu ya kurudi kupimwa, ilhali asiyeelezwa hurudi macho yakiwa manjano. Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi haimwelezi kitu. Aghalabu imeandikwa Kiingereza, kwa herufi za sisimizi.

Tena sitara hufunika aibu ya mtu, na ini kuumia si aibu ya mtu yeyote. Anayetoa dawa dirishani angeweza kuuliza bila kukunja uso, kwa sauti ile ile anayoulizia umri: “Na ile ya Kariakoo, mama, unakunywa saa ngapi?”